Shahidi wa Rafu ya Juu

Ilikuja kwa ndege, imefungwa kama yai:
mililita moja tu, kioo cha rangi ya chai,
na cheti chenye mhuri. Sineoli,
asilimia tisini na tisa nukta sita.
Ile nukta nne iliyobaki, hakuna aliyeisemea.
Bei yake ingelipa kodi yangu Sakina miezi miwili.

Naiweka kwenye friji, rafu ya juu,
mbali na mtindi
ambao Tesha amekatazwa kuuweka humo, na huuweka.

Kazi yake ni moja: kuwa yenyewe.
Navuta kwa sindano tone lisiloonekana,
linaingia kwenye mrija mwembamba kama unywele,
mita thelathini zilizojiviringisha kama nyoka aliyeshiba,
na dakika ya nane na ushei linatokea upande wa pili,
linachora kilele kimoja, chembamba,
peke yake katikati ya uwanda.
Dirishani, Meru imejifunika mawingu tangu asubuhi.
Leo kilele nilicho nacho ni hiki.

Alhamisi akaja Eliakunda Kaaya kutoka Nkoaranga,
gauni la kanisani, viatu vimeshika udongo mwekundu,
mkononi chupa iliyowahi kuwa ya sharubati.
Majani ya mkaratusi ameyachemsha mwenyewe, kwenye pipa,
kwa moto wa maganda ya kahawa,
mvuke akaupitisha kwenye bomba la shaba
aliloliziwa na fundi friji wa Tengeru.
Mnunuzi anataka sabini kwa mia, si chini.
"Nipimie, mwanangu. Sijachanganya kitu.
Niliyakesha kama mgonjwa."

Nikapima.
Nikaosha sindano, nikapima tena.
Kilele kikapanda dakika ileile,
na shahidi wangu akakitambua: ndiye, huyu ni wa kwetu.
Lakini kifupi. Hamsini na nane.
Na nyuma yake vilima, safu nzima:
vingine navijua, pinini, limonini, nawasalimu kila siku;
vingine havimo kabatini mwangu,
havijawahi kupandishwa ndege,
havina cheti, vina harufu tu.

Namba haina shangazi wala mkwe.
Nikaiandika. Nikagonga mhuri.

Akaisoma kwa kidole, polepole, kama mstari wa Zaburi.
Kisha akauliza:
"Hiyo chupa yenu ya kwenye friji,
imewahi kutibu mafua ya nani?"

Sikuwa na jibu la kuandika kwenye fomu.
Nikamwambia kila nikiifungua inapungua,
na hata nisipoifungua inapungua;
mafuta haya yana miguu.
"Hata sisi," akasema, akafunga kitenge.

Nikanunua nusu ya yale yaliyoshindwa.
Hakunipunguzia hata shilingi.

Usiku Lembris alikuwa anakohoa hadi kitanda kinajibu.
Sufuria sakafuni, maji yanatokota, matone matatu,
na shuka nyekundu juu ya vichwa vyetu viwili.
Mvuke ukaja wote kwa mpigo,
haukupanga foleni, haukungoja dakika ya nane:
majani, moshi wa kahawa, shaba,
kitu kama limau, kitu kama zizi baada ya mvua,
na mkono wa mama yangu ukinikandamiza kisogo,
mwaka ule wa surua, Ngaramtoni:
Vuta. Usitoe kichwa. Vuta.

"Vuta," nikamwambia mwanangu.
"Inawasha macho."
"Yafumbe."

Akavuta. Akapiga chafya mara tatu,
akacheka ndani ya shuka,
na mimi nikavuta vile vilima vyote visivyo na jina
mpaka kifua kikafunguka kama mlango wa bati.

Na kule Njiro, gizani, nyuzi nne,
shahidi wangu amesimama wima kwenye rafu yake,
safi,
hana jirani
ila mtindi wa Tesha.